Sura ya Tano: Mbona Fei Hakwenda Ulaya?

Swali hili ukilikosa Magomeni Mapipa utalikuta Mwembechai, na ukilikosa Mwembechai utalikuta ndani ya basi la mwendokasi linaloshuka Jangwani kuelekea Kariakoo. Kijana ana mguu ule, ana jicho lile, mbona hayuko Ulaya? Kila anayeuliza ana mtu wake kichwani. Wazee wanataja majina ambayo watoto wao hawakuwahi kuyaona uwanjani. Vijana, kwa miaka kadhaa sasa, wanamtaja zaidi Feisal Salum Abdallah, kiungo kutoka Zanzibar ambaye nchi nzima inamwita Fei Toto.

Majibu ya kijiweni nayo ni yaleyale. Hana wakala wa maana. Ameridhika. Klabu zetu zinawang'ang'ania wachezaji. Wengine wanasema hana nyota. Nayasikiliza majibu haya kwa heshima, maana wanaoyatoa wanaupenda mpira na wanaujua. Lakini ukizifuata safari za viungo wetu mmoja baada ya mwingine, unaona mambo mawili yanaamua kuliko kipaji: umri ambao mchezaji alivuka nao mpaka mara ya kwanza, na mkataba aliokuwa amefungwa nao siku ofa ilipofika. Sura hii ni ya mambo hayo mawili. Fei ndiye mfano wetu mkuu kwa sababu mambo yake yalifanyika hadharani, nchi nzima ikitazama.

## Kiungo anafanya kazi gani?

Kiungo ni mchezaji wa dimba la kati, aliye baina ya mabeki na washambuliaji. Namba 6 ni kiungo mkabaji: anakaa mbele ya mabeki, anapokonya mipira na kuwaanzishia wenzake. Namba 8 anapanda na kushuka dakika zote 90, na mashabiki wetu wakimkubali wanamwita kiungo punda, kwa maana ya mtu asiyechagua mzigo. Namba 10 ni kiungo mshambuliaji, anayecheza nyuma ya mshambuliaji wa mwisho na kutoa pasi za kupenyeza. Huyu ndiye tunayemwita fundi. Fei amecheza namba 8 na namba 10, na ladha yake kubwa imekuwa hapo juu, karibu na boksi.

Siku ukienda Uwanja wa Mkapa, acha kuufuata mpira kwa dakika tano. Mkazie macho kiungo mmoja tu. Utaona kwamba kabla pasi haijamfikia anageuza shingo kulia, anageuza kushoto, kisha anarudisha macho kwenye mpira. Tayari ameshajua adui yuko bega gani. Mpira unapofika anaupokea kwa mguu ulio mbali na adui, na mwili wake umeshageukia goli la wapinzani. Mkabaji anajikuta anakimbiza mgongo. Pasi inatoka, winga anaruka nayo, krosi inaingia, mshambuliaji anafunga. Uwanja unalipuka kwa jina la mshambuliaji, na kiungo aliyekwisha kuimaliza kazi yake kule katikati anatembea taratibu kwenda kumpongeza.

Soko la wachezaji nalo linashangilia hivyohivyo. Mshambuliaji anajitangaza kwa hesabu: mabao mangapi, mechi ngapi. Mbwana Samatta alipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015 akiwa na mabao 7, hapakuhitajika maelezo marefu. Januari 2016 akatua Genk ya Ubelgiji. Kiungo hana namba moja ya kumtambulisha. Ana pasi za bao, yaani pasi ya mwisho kabla ya mwenzake kufunga, lakini hata hizo zinategemea mwenzake afunge. Msaka vipaji, mtu anayetumwa na klabu kutafuta wachezaji, anapaswa kumtazama kiungo mechi nyingi ndipo amwelewe, tena ikiwezekana dhidi ya wapinzani wanaombana kwelikweli.

Ndiyo maana msimu wa 2023/24 wa Fei ulikuwa wa kipekee. Akiwa Azam FC alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu ya timu 16, ambayo kila timu hucheza mechi 30. Aliyemzidi ni Stephane Aziz Ki wa Yanga pekee, aliyefunga 21, naye pia ni kiungo. Kwa mara moja fundi wa kati alikuwa na hesabu ya mshambuliaji. Watu wa Magomeni walikuwa na haki ya kuuliza: sasa kimebaki nini?

Kwa ufupi: kazi ya kiungo ni ngumu kuhesabika, kwa hiyo anachelewa kuonekana. Na kwa kiungo, kuchelewa kuna gharama kubwa.

## Aliyetangulia

Wapo wanaodhani kwamba Mtanzania kucheza Ulaya ni jambo la kizazi cha Samatta. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Sunday Manara wa Yanga alikwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa barani Ulaya. Baadaye alicheza Marekani, Austria na Falme za Kiarabu. Mashabiki walimpa jina la Computer, enzi ambazo wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta kwa macho. Walichokuwa wanakisifu ni kichwa chake: wepesi wa kupiga hesabu za uwanja kabla ya wengine.

Wazee wa Yanga hawajasahau Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na katika muda wa nyongeza Manara akafunga la ushindi. Mwaka uliofuata, fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar, Yanga iliifunga Simba tena, 2-0, na wafungaji wakawa Sembuli na Manara walewale.

Manara aliondoka katika enzi ya soka la ridhaa, ambapo mchezaji hakuwa na mkataba wa kulipwa na klabu yake. Wengi waliajiriwa kwenye mashirika na viwanda, jioni wanakwenda mazoezini. Hapakuwa na karatasi ya kumshikilia mchezaji, na hapakuwa na karatasi ya kumlinda. Kizazi cha Fei kimekuta dunia nyingine kabisa.

## Umri ni tiketi

Tuwaweke pamoja wachache waliovuka, halafu tutazame umri wao tu.

Samatta, ambaye ni mshambuliaji, alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18.

Novatus Dismas Miroshi, aliyezaliwa Septemba 2002, alitokea Azam. Mwaka 2021, akiwa kwenye umri huohuo wa miaka 18 kuelekea 19, alikwenda Israel kwenye klabu ya Maccabi Tel Aviv, ambayo ilimtoa kwa mkopo. Mkopo maana yake klabu inayokumiliki inakuruhusu uchezee nyingine kwa muda. Mwaka 2022 akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji. Timu ikashuka daraja, na hapo ndipo wengi wangedhani safari imekwisha. Yeye akachukuliwa kwa mkopo na Shakhtar Donetsk ya Ukraine, na msimu wa 2023/24 akawa Mtanzania wa pili, baada ya Samatta, kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2024 akahamia Göztepe ya Uturuki. Anacheza kiungo mkabaji, beki wa kati na beki wa kushoto, na uwezo huo wa kushika nafasi tatu umemfungulia milango ambayo fundi wa nafasi moja asingefunguliwa.

Nizar Khalfan, kiungo mzaliwa wa Mtwara, alijiunga na Vancouver Whitecaps ya Kanada mwaka 2009 akiwa na miaka 21. Klabu ilipoingia MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mwaka 2011, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Lakini Kanada haikuwa mpaka wake wa kwanza. Alikuwa amekwisha kucheza Kuwait.

Himid Mao, mtoto wa Mao Mkami aliyejulikana kwa jina la Ball Dancer, alikuwa nahodha wa Azam na mmoja wa vijana waliotwaa ubingwa wa Bara msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Alitoka mwaka 2018, akiwa na miaka 25, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa Misri. Petrojet kwanza, kisha klabu nyingine za hukohuko kwa miaka mingi. Ni maisha mazuri ya soka, na ninamheshimu sana kwa uvumilivu ule. Ila hayakuwa Ulaya.

Kwa nini miaka 18 inafungua mlango na miaka 25 inaufunga? Sababu ya kwanza inajulikana: klabu ya Ulaya hununua kijana ili imfundishe na kumuuza tena kwa faida. Sababu ya pili husikii ikitajwa kijiweni, nayo ni sheria za kazi za wageni. Tuchukue Uholanzi. Mchezaji asiyetoka Umoja wa Ulaya, mwenye miaka 20 au zaidi, lazima alipwe angalau asilimia 150 ya wastani wa mishahara ya ligi kuu ya kule. Akiwa na miaka 18 au 19, kiwango kinashuka hadi asilimia 75. Nusu yake. Klabu ndogo ya Uholanzi inaweza kumjaribu kijana wa miaka 19 kutoka Dar es Salaam. Akifika miaka 20, kijana yuleyule na mguu uleule anagharimu maradufu, na klabu inageukia Mholanzi. Ubelgiji kiwango cha chini kwa wageni ni nafuu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya majina mengi ya Kiafrika kupitia huko.

Fei alizaliwa Januari 11, 1998. Mwaka 2018, alipotoka JKU ya Zanzibar kujiunga na Yanga, alikuwa na miaka 20. Dirisha la bei nafuu lilikuwa limeshaanza kufungwa siku aliyoanza kujulikana Bara.

## Karatasi ya Fei

Yanga ilimlea vizuri uwanjani na yeye akailipa vizuri. Msimu wa 2021/22 timu ilitwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, Fei akiwa moyo wa dimba. Jezi za njano zenye jina lake zilitundikwa hadi nje ya maduka ya Kariakoo. Kisha ukaja mwisho wa Desemba 2022.

Akiwa na mkataba unaoishia Mei 2024, Fei aliandika barua ya kuuvunja. Aliirudishia klabu shilingi milioni 112: milioni 100 zikiwa fedha za usajili, na milioni 12 zikiwa mishahara ya miezi mitatu. Piga hesabu, utaona mshahara uliokuwa unazungumziwa: milioni 4 kwa mwezi. Fedha za usajili ni kitita anachopewa mchezaji anapotia saini. Mshahara ni kile cha kila mwezi. Nchini kwetu wachezaji wengi huangalia kitita kwanza, kwa sababu kinaonekana, kinajenga nyumba, kinamtuliza mama. Mshahara wa miaka miwili au mitatu unasomwa haraka haraka.

Magomeni iligawanyika. Wapo waliosema, hela zao si karudisha? Aachwe aende. Hoja hiyo inaeleweka kwa sababu wengi wetu tunajua ajira za kawaida: karani au dereva anatoa notisi, analipana na mwajiri, anaondoka. Mkataba wa soka hauendi hivyo. Ni mkataba wa muda maalumu, na kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, zinasema upande mmoja hauwezi kuuvunja katikati ya msimu kwa kupenda tu. Desemba ni katikati ya msimu. Ili mchezaji aondoke, inapaswa ipatikane mojawapo ya njia hizi: klabu ikubali kumuuza; pande zote mbili zikubaliane kuachana; mkataba uishe; au mchezaji awe na sababu ya haki, kwa mfano klabu kutomlipa mishahara ya miezi miwili hata baada ya kupewa notisi ya siku 15. Kurudisha kitita ulichopewa hakumo kwenye orodha, isipokuwa kama mkataba wenyewe una kipengele kinachosema kiasi fulani kikilipwa mchezaji yuko huru.

Januari 2023, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, iliamua kwamba Fei bado ni mchezaji wa Yanga. Mwezi huohuo alitimiza miaka 25. Aliomba uamuzi upitiwe upya, na Machi ombi likakataliwa. Hakurudi uwanjani.

Wakati huo Yanga ilikuwa inafanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu ianzishwe mwaka 1935: ilikuwa inakwenda fainali ya Afrika. Mei 28, 2023, Uwanja wa Mkapa ulifurika kwa mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Yanga ilifungwa 2-1. Juni 3 ilishinda 1-0 kule Algiers, ikalikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Katika mechi zote mbili kiungo wake aliyelelewa pale kwa zaidi ya miaka minne alikuwa nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote katika kisa hiki. Mechi ambazo wasaka vipaji wa bara zima walikuwa wanazitazama, Fei hakuwemo.

Siku chache baada ya fainali, Rais Samia Suluhu Hassan aliiandalia Yanga chakula cha jioni Ikulu kuipongeza, na hapo akawaomba viongozi wa klabu walimalize suala la Fei. Haikupita wiki, Yanga na Azam zikakubaliana, na Azam ikamtangaza. Kwa hiyo mwishoni njia iliyotumika ni ile iliyokuwa wazi tangu mwanzo: klabu kumuuza.

Nani alikuwa sahihi? Naona kamati ilifuata kanuni. Naona pia Fei alikuwa na haki ya kudai maslahi yanayolingana na kazi yake, maana kiungo tegemeo wa timu bingwa hakai na mshahara wa kijana anayejaribiwa. Mambo hayo mawili hayapingani. Kosa lilikuwa la mapema zaidi, kwenye meza ya kutia saini. Nyongeza ya mshahara kila baada ya msimu, kiwango cha bei ya kuuzwa nje, haki ya kukaa mezani upya baada ya ubingwa: vyote hivyo vinawezekana kuandikwa, na vyote vinaandikwa kabla ya saini. Baada ya saini vinaombwa.

Kwa ufupi:

- Mkataba wa soka hauvunjwi katikati ya msimu kwa kurudisha fedha, labda mkataba wenyewe uruhusu.
- Miezi sita ya mwisho ya mkataba, mchezaji ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine na hata kusaini nayo mkataba wa baadaye.
- Mgogoro unakula miguu. Miezi mitano aliyoipoteza kiungo wa miaka 25 hairudishwi na hukumu yoyote.

## Nyumbani siku hizi kunalipa

Tusiwahukumu wanaobaki kwa macho ya miaka ya zamani. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za kuonyesha Ligi Kuu kwenye televisheni, wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Wadhamini wakubwa wakaongezeka kwenye vifua vya jezi. Ligi yetu nayo imekuwa kituo cha viungo wa nchi nyingine: Haruna Niyonzima wa Rwanda, Clatous Chama wa Zambia, Khalid Aucho wa Uganda, Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacome Zouzoua wa Ivory Coast. Watu hawa hawakuja Kariakoo kutalii. Walifuata mshahara na mechi za Afrika.

Hilo lina pande mbili kwa kijana wa hapa. Upande mmoja, anapigania namba na wageni waliokomaa, na asipokuwa imara anakaa benchi katika umri uleule wa tiketi. Upande mwingine, akifanikiwa, hana sababu ya kukimbilia ligi ya daraja la tatu Ulaya kwa fedha pungufu na baridi juu. Fei wa Azam alichagua kubaki mahali anapocheza kila wiki, na timu ya taifa ikafaidi. Septemba 2024, kule Yamoussoukro, Taifa Stars ilikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Guinea. Fei akasawazisha, kisha Mudathir Yahya, kiungo mwingine wa Kizanzibari, akafunga la pili. Ushindi ule ulitusogeza kwenye fainali za AFCON za Morocco. Na Desemba 30, 2025, hukohuko Morocco, bao la Fei dhidi ya Tunisia lilitupa sare ya 1-1 iliyoivusha Tanzania hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia. Anayemwita mchezaji huyo aliyeshindwa maisha kwa sababu hakwenda Ulaya ana deni la kujieleza.

## Mtaa unapata nini?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili linaihusu Magomeni moja kwa moja na halizungumzwi vya kutosha. Vijana wetu wanakuzwa na timu za mitaani na mashindano ya ndondo. Kocha ananunua mipira kwa fedha ya mfukoni, mama mmoja anafua jezi, mwenye duka anatoa maji. Kijana akiuzwa nje, watu hao wanabaki na picha.

Kanuni za FIFA zina kitu kinaitwa fungu la mshikamano. Mchezaji aliye ndani ya mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei yake inagawiwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15 una asilimia 0.25. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 16 na 23 una asilimia 0.5.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana ameuzwa kwa dola 1,000,000. Fungu la mshikamano ni dola 50,000. Timu iliyokuwa naye kwa miaka minne, kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15, inapata dola 10,000. Ikiwa ilikuwa naye pia akiwa na miaka 16 na 17, inaongezewa dola nyingine 10,000. Kwa timu ya mtaa hiyo ni fedha ya kukodi uwanja, kununua vifaa na kumlipa kocha kwa miaka. Tena fungu hilo linarudi kila anapouzwa upya akiwa nje. Mbali na hilo ipo fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kwa klabu zilizomfundisha pale anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohama kwenda nchi nyingine hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Sharti ni moja: awe amesajiliwa. Kumbukumbu za usajili zinazoonyesha alikuwa klabu gani kila msimu ndizo zinazosomwa siku ya malipo. Daftari la kocha halihesabiki, wala picha ya pamoja, wala ushahidi wa mtaa mzima. Na kijana akiondoka mkataba wake ukiwa umeisha, bila ada ya uhamisho, fungu la mshikamano linakuwa asilimia 5 ya sifuri. Kwa hiyo viongozi wa timu za vijana za Magomeni, Kigogo na Manzese, isajilini timu kupitia chama cha soka cha wilaya, na msajilini kila kijana kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kupunguza umri kunawapa kombe la ndondo leo na kunaharibu karatasi zote za baadaye.

## Kabla ya kutia saini

Kanuni haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, kama vile wazazi wake kuhama kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Anayekuja Mapipa kukuambia atampeleka mwanao wa miaka 15 Ulaya mwezi ujao kwa nauli yako, anakudanganya. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na haruhusiwi kumfuata mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Klabu ikimtaka kijana wako, haya ndiyo ya kutazama:

- Muda. Mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Kwa mkubwa, kikomo ni mitano. Hesabu atakuwa na miaka mingapi ukiisha.
- Mshahara wa mwaka wa pili na wa tatu, uandikwe kwa tarakimu.
- Kipengele cha kuondoka: bei gani ikilipwa klabu itamwachia, hasa kwa klabu ya nje.
- Matibabu akiumia, na nani atamlipa wakati hachezi.

Mpeleke mtu anayesoma mikataba, hata kama ni jirani mwanasheria wa mtaani kwenu, kabla kitita hakijawekwa mezani. Kisha dai nakala yenye saini za pande zote, uondoke nayo siku hiyohiyo. Ukiambiwa nakala utaletewa, mwanao asitie saini mpaka iletwe.